Kubadhi la Kushoto

Hajira, jirani yangu, alinikuta kisimani akaanza bila hata salamu: "Shoga, umesikia? Bi Siti siku hizi anaringa. Saidy anaoa Ijumaa, mjukuu wake wa damu, na kubadhi la pili mpaka leo hajalimaliza. Eti anasubiri abembelezwe!"

Nilimkaza mwanangu Safina mgongoni, nikajitwika ndoo nikaondoka.

Bi Siti namjua tangu sijaanza shule. Enzi zile hapa Ruaruke bwana harusi hatoki kwao bila makubadhi yake, viatu vya ngozi vya kushonwa kwa mkono. Mumewe, marehemu Mzee Hemedy, ndiye aliyelainisha ngozi za mbuzi mpaka zikawa nyembamba kama sikio la mbuzi mwenyewe. Bi Siti akashona. Sisi watoto tulijazana barazani kumtazama akitoboa kwa msharasi, kile chuma chembamba chenye ncha kali na mpini wa mti. Rula hakuwa nayo. Kila akitoboa tundu aliweka punje ya mchele pembeni yake, akatoboa jingine pale punje inapoishia. Punje zikidondoka tuligombania, naye anacheka: "Tafuneni, lakini tundu langu msilisogeze!" Halafu uzi wenye nta, sindano mbili, moja kila ncha, zinapishana ndani ya tundu lile lile. Mshono ulitoka sawa juu na chini. Harufu ya ile nta ninayo puani mpaka leo.

Nilipotua ndoo nyumbani nikapita kwake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mama Safina. Huyo keshaota meno?"

"Mawili. Ananing'ata kweli kweli."

"Mng'ate na wewe!"

Tukacheka. Kubadhi la kulia lilikuwa kando yake, limekamilika. La kushoto lilikuwa mapajani, ngozi imekatwa, haina tundu hata moja. Akawa anapapasa mkeka kutafuta sindano. Sindano inang'aa pale pale karibu na mguu wake. Nikaiokota nikamtia mkononi.

Akaifumbata. "Umeona, eeh."

"Nimeona, bibi."

"Macho haya, tangu Ramadhani. La kulia nilikuwa nimeshalitoboa. Kushona nashona, vidole vinajua njia. Kutoboa ndiko siwezi. Nguo ukikosea unafumua. Ngozi ikishatoboka pabaya, basi tena." Akaipitisha ile ngozi shavuni taratibu. "Na hii ndiyo ya mwisho aliyoilainisha Hemedy. Ilikuwa sandukuni miaka sita. Hakuna nyingine."

"Si Saidy anunue viatu Kibiti? Hatakasirika."

"Yeye hatakasirika. Kaka zake wote wawili wameolea makubadhi yangu. Yeye mdogo ndiye aende Maparoni kwa wakwe na viatu vya dukani, watu waseme bibi yake hakumtaka?"

Nilitazama kucha zangu, bado zina tope la shamba la mpunga.

"Hakuna mtu mwingine anayejua kutoboa?" nikauliza.

"Nani? Mlikuwa wengi barazani. Wewe ndiye uliyekuwa unatazama mikono, wenzako walitazama mchele."

"Bibi, mimi nilitazama tu. Sijawahi kushika. Nikiiharibu je?"

Akasogea, akaacha nafasi ya mtu mmoja ubavuni mwake. Akanigeuzia mpini wa msharasi.

"Mlaze mtoto hapo kwenye mkeka," akasema. "Nitobolee, mjukuu wangu. Ngozi nitaishika mimi."