Waya wa Ego

Fabiano alirudi Burundi kutoka ukimbizini Kigoma, Tanzania, akiwa na mali mbili: mke wake Eliana na baiskeli. Kwa baiskeli hiyo alibeba mawese kutoka Kizuka hadi soko la Rumonge kwa miaka, madumu yamening'inia kulia na kushoto, na jingine limekaa nyuma kama mtoto aliyegoma kushuka. Kwa hiyo siku aliponunua pickup kuukuu, hata majirani wenye vijicho walifurahi kwa niaba ya magoti yake. Kwenye bodi ya nyuma aliandika kwa rangi nyekundu: KIGOMA HAIKUWA BURE.

Pickup ilikuwa na kasoro moja. Mkono wa breki ya kuegeshea ulikuwepo, na ukiuvuta ulikuja wote kwa utii, kama mjumbe mkutanoni. Na kama mjumbe, haukushika kitu chochote. Fabiano alifanya kama wafanyavyo madereva wengi wa mwambao ule: akisimama aliiacha kwenye gia ya kwanza, kisha akatia jiwe chini ya gurudumu. Jiwe lilikuwa jeusi, zuri, la ziwani, na lilisafiri mbele kwenye kiti cha abiria. Eliana, ambaye kwa kawaida alipanda nyuma pamoja na mihogo, alisema wazi kwamba jiwe lile lina cheo kuliko yeye.

Mwaka huo wanawake wa Minago wanaokamua mawese waliungana, wakamchagua Agata awe mkubwa wao, wakatangaza kwamba wanatafuta gari moja la kupeleka mafuta yao Bujumbura kila juma. Kazi ya kudumu! Fabiano aliacha kula vizuri. Esansi, yaani petroli, ilikuwa adimu, magari yalilala kwenye foleni za vituo yakiota kutu, na mwenye gari asiye na kazi ya uhakika alikuwa na banda la kuku lenye magurudumu. Akiikosa kazi hiyo, baiskeli ilikuwa bado inamsubiri ukutani, na magoti yalilijua hilo.

"Baba Ineza," Eliana alimwambia mumewe, "tengeneza hiyo freni ya mukono. Wale wamama watapakia bidoni zao za mafuta kwenye mteremuko."

"Freni haionekani," alijibu Fabiano. "Nani amewahi kusifiwa kwa sababu ya freni? Mutu anapewa kazi kwa kile kinachoonekana."

Na kwa bahati mbaya alikuwa amesema kweli. Ndivyo tunavyochagua wakubwa wetu pia: kwa taa, kwa honi, kwa miwani. Hakuna mkutano uliowahi kumpigia mtu makofi kwa sababu anaweza kusimama.

Basi Fabiano akaenda Bujumbura, dukani kwa Azzan, mzee wa ukoo wa wafanyabiashara wenye asili ya Oman, aliyekuwa akiuza vipuri tangu enzi za babu yake. Azzan alimtandikia mezani telekomande za kuwashia gari ukiwa mbali. Boksi lilikuwa na picha ya gari lililofunikwa theluji, na mzungu mwenye koti zito akilibonyezea kitufe kutoka dirishani ili likapate joto kabla hajaingia. Fabiano aliitazama picha ile huku jasho likimchuruzika hadi viatuni. Huko Rumonge kiti cha gari huunguza mapaja kabla ya saa nne asubuhi. Hakuona kichekesho chochote.

"Hii ya kwanza ni rahisi," Azzan alisema, "lakini iko bubu. Ukibonyeza hujui kama gari imewaka. Hii ya pili inakujibu. Gari ikikubali, telekomande inalia mara mbili, ti-ti. Ikikataa inanyamaza."

"Inakataa kwa sababu gani?"

"Ina maswali yake. Gari yako ni otomatiki?"

"Ni ya gia za mukono, mzee wangu. Lakini ni ya heshima."

"Heshima haimo kwenye waya, mwanangu. Ya gia za mkono ina masharti. Fundi akueleze."

Fabiano alichagua inayojibu. Maisha yake yote, kambini na nyumbani, alikuwa amejibiwa kwa kuambiwa asubiri. Kitu kinachosema ndiyo papo hapo kilimgusa moyo.

Fundi wa umeme wa magari pale Rumonge alikuwa Akonkwa, Mkongo mwenye kofia ya rubani na maneno mengi kuliko nyaya. Alifungua kifuniko cha chini ya usukani, akaunga, akakata, akaimba, akaunga tena, kisha akampa Fabiano telekomande. Fabiano akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya.

"Patron, imekataa," Akonkwa alisema. "Kiko na waya moja hapa ya kuuliza: freni ya mukono imeshika? Gari yako inajibu oya, hapana."

"Sasa?"

"Sasa mambo mawili. Tutengeneze freni, ama tumudanganye."

"Kudanganya kunachukua muda gani?"

"Kabla sigara yangu haijaisha."

Akonkwa alichukua ule waya wa swali, akaukaza kwenye chuma cha gari, na tangu hapo, kila kifaa kilipouliza kama breki imeshika, kilijibiwa kwa Kirundi safi: *ego*. Ndiyo. Imeshika. Hata ukiwa mlimani, ego. Hata ukiwa mtoni, ego.

"Hii ndiyo waya ya ego," Akonkwa alisema, akifuta mikono kwa fahari. "Sasa iko na adabu kama watu wengine."

"Lakini patron," aliongeza, "usiiache ndani ya vitesi, ndani ya gia."

"Ego," alijibu Fabiano, ambaye hakuwa akisikiliza. Alikuwa anabonyeza. Ti-ti! Injini ikanguruma yenyewe, kwa kuwa Akonkwa alikuwa ameiacha huru, bila gia. Watu wakatoka kwa vinyozi na kwenye mabanda ya simu. Mtu mmoja akavua kofia.

Kuanzia hapo Fabiano hakulala njaa ya sifa. Akiwa kwenye baa alibonyeza, na pickup aliyokuwa ameiegesha sehemu tambarare, bila haja ya gia wala jiwe, ikaanza kunguruma barabarani bila mtu ndani. Esansi aliyoipata kwa kulala foleni ikateketea papo hapo, gari likipashwa joto katika mji ambao hata ndagala, dagaa wa ziwani, hukauka kabla ya kuoshwa. Marafiki walimwita Patron Ti-ti. Hakuna aliyemuuliza gari linakwenda wapi. Halikwenda popote. Lakini lilikuwa linawaka, na siku hizi hayo ndiyo maendeleo.

Siku ya kuchaguliwa ilifika. Wanawake walikaa kwenye kanga ufukoni Minago, pale ardhi inaposhuka hadi kwenye maji. Kando yao walikuwa wameanika ndagala kwenye nyavu, na madumu ya mawese yamepangwa upande wa juu. Fabiano aliegesha pickup ikielekea ziwa ili wote waione uso. Mkono wake, bila kumuuliza, ukatia gia ya kwanza kama miaka yote. Akashuka, akatia jiwe.

Kisha akalitazama jiwe. Akaitazama telekomande shingoni mwake, imening'inia kwa kamba ya plastiki kama msalaba wa padri. Vitu viwili hivi havikuweza kuishi kwenye gari moja. Gia iliishika pickup kidogo, ikatulia. Akaliondoa jiwe kwa kisigino, taratibu, akajongea kwa wanawake.

"Amahoro, mama zangu! Mimi sina maneno mengi. Watu wengine wanaleta gari. Mimi naleta *tekinolojia*. Mafuta yenu yatasafiri na gari inayosikia. Tazameni, sijaigusa!"

"Twatazama," Agata alisema. Alikuwa mwanamke mnene, mtulivu, mwenye ushungi wa njano na macho ya mtu aliyekwisha kupimiwa mafuta kwa dumu lililopondwa.

Fabiano akanyoosha mkono, akabonyeza.

Kifaa kikauliza: breki imeshika? Waya ukajibu: ego.

Ti-ti.

Pickup ikaruka kama mbuzi aliyechomwa mwiba. Ikawaka ikiwa hewani, ikatua ikiwa inatembea, na bila dereva, kwa mwendo wa bwana harusi, ikaanza kushuka. Ikapita juu ya ndagala za Agata. Wanawake wakatawanyika wakipiga kelele. Fabiano akaikimbilia akibonyeza, akibonyeza, lakini kidole kilikuwa kinabonyeza kitufe kile kile cha kuwasha.

"Simama!" alipaza sauti.

Ti-ti, ilijibu.

Iliingia ziwani kwa adabu, ikazama hadi kwenye taa, ikakohoa, ikazimika. Samaki wadogo wakaja kusoma namba ya mbele. Nyuma, juu ya maji, yalibaki yale mekundu: KIGOMA HAIKUWA BURE.

Halafu bibi mmoja akasema, "Kweli inasikia. Ilisikia kiu." Ufuko wote ukaanguka kwa kicheko.

Fabiano alikuwa ndani ya maji hadi kiunoni, ameshika kioo cha pembeni. Hakuwa analia, lakini hakuwa mbali. Akageuka.

"Mama Agata. Kazi… munanipa?"

Kila mtu wa mwambao ule alijua jibu la kumpa mtu aliyefedheheka: ego, tutaona, Mungu ni mwema. Hata wanawake waliokuwa wanacheka waliinamisha vichwa wakalisubiri.

"Oya," Agata alisema.

Fabiano alipepesa macho. Hakuwa amewahi kusikia neno hilo likisemwa bila chuki.

"Oya, mwana wanje, mwanangu. Mafuta yetu yataenda na baiskeli mpaka Rumonge, kama zamani. Freni ikishika, rudi uulize tena, tutakujibu tena. Na ndagala zangu utanianikia zingine. Sasa leteni kamba."

Wakaleta kamba ya nyavu, wakaifunga nyuma ya gari, wakajipanga mchangani kwa safu. Agata alisimama mbele ya wote. "Tuvute?"

"Ego!"

Waliposema ego, mikono ilivuta. Fabiano alisukuma kutoka majini, tope likimfika magotini, magoti yakilalamika kwa lugha yao ya zamani. "Tuvute?" "Ego!" na mara ya nne au ya tano akasikia kwamba sauti moja kati ya zile ilikuwa yake.

Gari lilipofika mchangani likichuruzika maji, Agata mwenyewe alikwenda kuliokota lile jiwe jeusi, akaliweka chini ya gurudumu, akalikanyaga likakaa.

Telekomande ilikuwa bado shingoni mwa Fabiano, imejaa maji ya Tanganyika. Ghafla, yenyewe, ikalia: ti-ti.

Hakuna aliyekuwa ameiuliza kitu.