Jua la Tatu la Fundi Miwani

Fundi miwani wa duka la kona aliamini anachokipima, basi. Ukimwambia unaona vizuri, alikukalisha mbele ya ubao wa herufi, akakuziba jicho moja, ukasoma mpaka mstari wa mwisho, ndipo alipokukubalia. Mungu, alisema, hajawahi kukaa kwenye kiti kile. Mkewe, mama asiyekosa ibada hata kichwa kikimgonga, alikuwa ameshaacha kubishana naye siku nyingi.

Lakini Fundi naye alikuwa na siku yake. Kila Jumamosi saa tisa alasiri alishusha pazia la duka, akawapokea watu sita katika chumba cha nyuma, kati ya mashine ya kusagia lenzi na makasha ya fremu. Hicho ndicho kilichokuwa chama cha wapenzi wa riwaya za sayansi. Walisoma mfululizo mmoja tu: vitabu kumi na kimoja vya mzee mmoja aliyekuwa bado hai, kuhusu wahamiaji waliofika sayari yenye majua mawili. Vitabu vilikaa kwenye kabati la kioo, na hukuvigusa kabla ya kunawa mikono. Mmoja alisoma sura kwa sauti, wengine kimya, kisha Fundi akaeleza maana yake. Ukutani palibandikwa kanuni ya kwanza ya chama: Humu hatuna dini.

Akaja mshonaji. Alikuwa mama wa makamo kutoka mtaa wa pili, aliyekuja kupimwa macho kwa sababu tundu la sindano lilikuwa limeanza kumkimbia. Akaliona kabati, akaazima kitabu kimoja, akarudi kuchukua kingine, hadi akavimaliza vyote na kuomba uanachama. Siku ya kwanza, kabla hajafungua kitabu, aliinamisha kichwa, midomo ikachezacheza.

"Unafanya nini?" akauliza katibu, mwalimu wa hesabu.

"Naomba."

"Humu hatuna dini, mama."

"Ninyi hamna. Mimi ninayo. Nimekuja nayo na nitaondoka nayo, sitaisahau kwenye kiti chenu."

Wakapiga kura. Akapita kwa kura moja, kwa majaribio.

Wiki ya tatu akanyoosha mkono. "Fundi, kitabu cha pili kina majua mawili. Cha tisa, watoto wanakimbilia kivulini jua la tatu linapochomoza. Hilo limetoka wapi?"

Fundi akasimama, akakohoa, akaeleza kwamba jua la tatu lilikuwepo tangu mwanzo, limejificha nyuma ya yale mawili, na anayesoma kwa moyo wa haraka hawezi kuliona.

Mshonaji alicheka mpaka akashika mbavu. "Mjomba wangu ni mhubiri. Ukimbana kwa swali, hujibu hivyohivyo!"

Neno hilo lilimkaa Fundi rohoni. Dereva mmoja alipewa miwani yenye lenzi ya kulia kushoto, akarudi akilalamika kwamba barabara imepinda. Mwishowe Fundi alimwandikia mwandishi barua pepe ya kurasa nne, na michoro juu. Jibu lilikuja baada ya siku tisa: "Ndugu, asante. Nilisahau. Mwaka ule mke wangu alikuwa mgonjwa. Majua ni mawili."

Akawasomea wenzake.

"Barua ya kughushi hiyo," mwalimu akasema.

"Mzee kachoka," akadakia mwingine. "Hata vitabu vyake havielewi tena."

"Yeye aliandika tu. Kuelewa ni kazi yetu!"

Jioni ile chama kilipasuka. Mwalimu aliondoka na watu watatu na vitabu vitano vya mwanzo, akafungua chama cha majua matatu sebuleni kwake. Waliobaki wakawa wa majua mawili. Mpaka leo wakikutana njiani kila mmoja hutazama viatu vyake. Jambo moja tu walikubaliana: kumfukuza mshonaji.

"Kwa mjomba wangu ningefukuzwa baada ya chai, angalau," alisema, akachukua mkoba wake.

Fundi hakubaki upande wowote. Alirudi nyumbani, akakaa bila hata kuvua viatu.

"Baba, unaumwa?" mkewe akauliza.

"Siumwi. Mwandishi alisahau. Eti mkewe alikuwa mgonjwa."

"Alikuwa anaumwa nini?"

"Sijui," akajibu Fundi. Katika kurasa zote nne alizoandika, hakuuliza lolote kuhusu mtu. Kesho yake aliandika barua ya pili, ya mstari mmoja: Mama anaendeleaje? Mzee akajibu kwamba mama huyo alifariki mwaka uleule, na kwamba yeye mwenyewe kitabu cha tisa alikiandika kwenye benchi la hospitali, akisubiri kuitwa.

Mke wa Fundi alisoma jibu lile mara mbili. "Nisomee hicho cha tisa," akasema.

Akamsomea alasiri nzima. Walipofika kwa watoto wanaokimbilia kivulini, jua la tatu likichomoza, Fundi alivua miwani, akajifanya anaifuta. Kidogo mkewe akainuka.

"Ngoja nikasali. Na yule mke wa mwandishi nitamwombea."

Kwa miaka yote Fundi hakuwahi kukosa jibu la maneno kama hayo. Safari hii aliweka kidole kwenye mstari waliofikia, akamsubiri.