Mita Mia, Bila Kahawa

Jirani yangu wa mtaa wa Vårby gård, dada wa Kiganda aliyefika Stockholm akiwakimbia wanajeshi wa kwao, alijua ninakokwenda kila Jumapili na hakupendezwa. Siku hiyo alinikuta kwenye ngazi, akasonya.

"Dada, sisi tulikimbia hizo vitu. Wewe unapanda treni kuzifuata?"

Nikamwambia mbele ya bastola yangu hapasimami mtu, panasimama karatasi. Akatikisa kichwa. Basi na atikise, maana sikuwa nimemwomba ruhusa.

Ilikuwa miaka ya sabini. Nilikuwa nimetoka Tanga kuja kusomea uuguzi, na wodini kila mtu alinituma: leta hiki, futa kile, harakisha. Nilijiunga na klabu ya shabaha kule Tumba kwa sababu nilitaka mahali ambapo mimi ndiye ninayetuma na kitu kinakwenda. Bastola ilikuwa ya klabu, ya risasi zile ndogo kabisa. Wengi walipiga mita ishirini na tano. Mimi nilipenda mita mia, ambako risasi ndogo inachoka njiani na kushuka, kwa hiyo unalenga ukingo wa juu wa duara jeusi ili ipate katikati. Wakubwa wa klabu waliniambia mita mia si za mwanamke. Nikawa nafika mapema kuliko wao.

Jumapili hiyo walikuwa wakichagua timu ya mita mia. Risasi tano, mkono mmoja, na atakayetia tatu ndani ya duara anaingia. Niliitaka nafasi ile hadi nikaiota. Na ilikuwa Ramadhani.

Sasa, pale hakuna aliyefyatua kabla ya kahawa. Ilikuwa desturi kama udhu: wote kibandani, birika, maandazi ya mdalasini, kikombe cha pili, cha tatu. Nilikaa nao mikono mapajani. Mwenyekiti, fundi wa lifti mwenye sauti ya kujaza nyumba, akaona kikombe changu kikavu.

"Hujala tangu asubuhi? Basi hupigi. Mwenye njaa hutetemeka, na silaha haitaki mtetemeko. Kunywa kidogo tu. Mungu wako hataona."

Hapo ndipo aliponichefua. Angesema hatari tu, ningemsikiliza. Lakini kunipangia mimi nini kinaonekana na nini hakionekani!

"Ataona," nikasema. "Na nyinyi mtaona. Nipeni kipimo cha wageni."

Kipimo hicho walikibuni wenyewe. Ndani ya bastola linawekwa ganda la risasi iliyokwisha kufyatuliwa, pini isije ikagonga chuma kitupu, na ganda jingine linasimamishwa juu ya mtutu. Unanyoosha mkono, unavuta. Likianguka, rudi kwenye mazoezi. Walitoka na vikombe vyao kunitazama. Tumbo lilikuwa likinguruma na kinywa kilikuwa kikavu, sitadanganya. Nikavuta. Ganda likabaki limesimama. Nikakoki tena, nikavuta mara ya pili bila kuambiwa, kwa ubishi tu, na lile ganda likabaki vilevile. Mwenyekiti akaweka kikombe chini, akanionyesha nafasi yangu kwenye mstari.

Nilipiga zangu tano polepole. Upepo ulikuwa ukitoka kushoto, na ya pili nilijua imepotea kabla haijafika.

Huruhusiwi kugusa shabaha yako mwenyewe. Mnakwenda wote hadi kwenye mbao, na mwenyekiti anasoma kwa sauti kila mtu asikie. Alifika kwenye yangu, akavaa miwani.

"Ndani," akasema. "Nje. Ndani. Nje."

Ya tano ilikuwa pembeni kabisa. Aliinama hadi pua ikakaribia karatasi. Nikamkazia macho kisogoni. Angeweza kusema lolote, nani angenisikiliza?

"Imegusa mstari," akasema hatimaye, kama mtu anayelipa kodi. Kisha, kwa sauti yake ile ya kujaza nyumba: "Ikigusa mstari, iko ndani. Tatu. Ameingia."

Sikumshukuru. Ilikuwa haki yangu, na yeye alisoma kilichokuwa pale.

Wengine walipokuwa wakifunga mizigo nilikaa kwenye benchi na tende zangu mpaka jua likazama nyuma ya misonobari. Nikafuturu. Kisha nikaingia kibandani, nikajimiminia kahawa, kikombe kikubwa kuliko vyote, nikakinyanyua mbele ya mwenyekiti. Aliutazama mkono wangu. Sasa ulikuwa ukitetemeka kweli, kahawa ikamwagika kwenye sahani.

"Tetemeka tu," nikauambia kwa Kiswahili. "Kazi imekwisha."