Itoka Lililo Peke Yake

Mama amefika umri wa kusahau kama ameshakunywa chai, lakini jambo moja limebaki wazi kichwani mwake: kaburi la mdogo wake. Alitaka kuliona mara moja kabla hajafa. Basi Jumamosi moja nikamchukua kwake Karatina, tukapanda hadi ukingo wa msitu, kwenye kijiji alichofungiwa na wakoloni pamoja na nyanya, mama yake, wakati wa vita vya uhuru.

Watu husafiri hadi pwani kupiga picha kwenye ngome za vita vya wageni. Sisi, vijiji vyetu vya vita tumevipanda majani chai. Siku ile mlima ulikuwa umejitokeza wote, hata barafu, na mto ulisikika chini kwenye mianzi. Uzuri ule uliniudhi. Hapakuwa na kibao wala jiwe. Handaki ambalo wanawake walilazimishwa kuchimba kuzunguka kijiji lilikuwa limebaki kibonde tu, mbuzi wawili wakila humo.

Yule mdogo wa mama alikufa kwa njaa, hajatimiza miaka miwili. Nyanya hakuwa na msalaba. Akapanda itoka, lile ua ambalo kwetu huonyesha mpaka wa shamba, kwa sababu halifi kirahisi. "Utatafuta itoka lililo peke yake," alimwambia mama, na mama ameyabeba maneno hayo maisha yake yote.

Hatukuona lililo peke yake. Tuliona mstari mzima wa maitoka, kutoka barabarani hadi mtoni.

Mwenye shamba, mwanamume wa rika langu, alikuja na panga mkononi, akatusalimia kwa adabu, mama akimwita shosho, kama nyanya yake. Mama akamuuliza juu ya maua.

"Hiyo, shosho? Niliipata moja tu, katikati ya majani chai. Nikajua ni mpaka ya zamani, na nilikuwa na kesi na huyu jirani. Nikang'oa, nikagawanya, nikapanda hapa kwa laini."

"Ilikuwa wapi?"

Akanyoosha panga. "Hapo. Ama hapo juu kidogo. Ni kitambo, shosho."

Mama akaingia kwenye chai, yote imekatwa kimo kimoja. Akasimama hapa, akasimama pale. Nilimkasirikia yule mtu, kisha nikakosa sababu. Nani kwetu huona itoka katikati ya shamba akawaza kaburi? Mimi pia ningeling'oa.

Nilipomweleza kwamba lilikuwa alama ya kaburi, yule mtu alivua kofia. Kisha akachimbua itoka moja pamoja na mizizi yake, akampa mama kwa mikono miwili.

"Peleka nyumbani, shosho. Ni ya huyo mtoto."

Mama alilipokea, akalipangusa udongo taratibu, akamrudishia.

"Hii ni ya kuonyesha mahali," alisema. "Nikiipanda kwangu, itaonyesha nini?"