Daftari la Foni

Nina mwandiko mzuri. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililoniharibia, na hata leo mtu akinisifia mwandiko naona haya, kama niliyesifiwa shati la wizi.

Wakati wa vita, reli ikiwa imekufa na njia ya Punia haipitiki ila kwa miguu na baiskeli, watu wa mji wetu wa Kindu, mashariki ya Kongo, walisikilizana na jamaa zao kwa foni. Ilikuwa redio ya kusemea: unabonyeza, unasema, unaachia, unangoja mwenzako ajibu. Mimi ndiye niliyeiendesha, katika chumba chenye betri ya gari na waya uliofungwa juu ya michikichi miwili. Ukitaka kusema na ndugu yako aliyeko Punia, ulinieleza mahali anapolala hasa: kilomita ngapi, nyumba ya nani, ng'ambo ya kijito gani. Nami nilimwambia mwenzangu wa foni ya Punia, naye akamtuma mtu wa baiskeli kumwita huyo ndugu aje siku ya randevu, yaani siku mliyoagana. Bila mahali, hupati mtu. Kwa hiyo kila mahali nilipaandika kwenye daftari, kwa wino wa bluu, na mistari niliipiga kwa rula.

Kulikuwa na mama mmoja mshonaji. Mumewe alikuwa mwalimu. Askari walioshika mji walimtaka awape orodha ya wanafunzi wake wakubwa, wakawabebeshe silaha. Akakataa, akakimbilia msituni upande wa Punia. Siku ya kwanza mama yule alipokuja, alitazama mlango kwanza, kisha akainamia meza yangu.

"Papa, ile fasi bwana yangu iko, usiandike. Uweke mu kichwa tu."

"Usiogope, mama. Iko mu kichwa."

Alipotoka, nikapaandika mahali pale. Sikuwa na nia mbaya, nilikuwa na kiburi. Mstari mtupu katika daftari langu ulinikera, na nilijidanganya kwamba nikisahau, atakayelia ni yeye.

Kila Jumamosi walisemezana, yeye na mumewe. Hawakuwa na maneno makubwa. "Umekula?" "Nimekula. Na wewe?" Mama alikuwa akicheka kidogo anapoachia kile kitufe, kisha anajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Askari walikuja Jumatano, wawili. Laiti wangenipiga, ningekuwa na la kujitetea. Hawakunigusa. Mmoja aliniamkia vizuri, akaketi, akasema mkubwa wake anataka kuona kazi ya foni inavyokwenda. Sikuuliza karatasi ya hakimu, maana hakimu mwenyewe alikuwa amekwisha kimbia. Lakini hata "ngojeni kidogo" sikusema. Nililipangusa daftari vumbi kwa kiwiko, nikalitoa kwa mikono miwili, kama tunavyofundishwa kumpa mkubwa kitu. Yule askari akafungua katikati, akaniambia nina mwandiko mzuri. Nikamshukuru.

Jumamosi mwenzangu wa Punia aliniambia kwa foni kwamba mtu wa baiskeli amerudi peke yake. Mwalimu alikuwa amechukuliwa na askari usiku wa kuamkia siku hiyo, na hakuonekana tena. Nilimwambia mama yule hewa ni mbaya, hatusikilizani na Punia. Alirudi Jumamosi mbili zaidi, nikamwambia hivyo hivyo, mpaka wachuuzi wa miguu walipomletea habari. Mdomo huponza kichwa, wanasema watu. Mdomo wangu ulifumba vizuri. Mkono ndio ulioponza, tena kichwa cha mtu mwingine.

Siku hizi nina meza ya kadi za simu karibu na soko. Mwaka huu serikali iliibana kampuni ya simu tunayoiuzia kadi: kadi zisizo na jina zikatwe, kila mteja apigwe picha na mahali anapokaa paandikwe. Kampuni ikamleta kutoka Kinshasa mwanasheria wake, binti mdogo mwenye viatu visivyoujua udongo wetu, akatufundisha siku nzima. Habari za mteja ni mali ya mteja, alisema. Askari akija kuziomba bila karatasi ya hakimu, mnakataa. Mteja akitaka zifutwe, ana haki. Mwenzetu mmoja akauliza kitufe cha kufuta kiko wapi. Binti akasema nyie hamna, mteja aandike barua Kinshasa. Wote walicheka isipokuwa mimi. Nilitia sahihi kwamba nimeelewa.

Wiki iliyofuata mama mshonaji akaketi mbele yangu kuandikisha simu yake, nywele nyeupe, mkononi kadi yake ya kura, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho. Nilimpiga picha kwa kifaa cha kampuni, nikaandika avenyu yake, yaani mtaa anaokaa, nikatuma. Akanitambua kwa sauti yangu.

"Njo wewe, papa wa foni! Uliniwekea siri yangu mu kichwa. Hapa mu Kindu sikupata tena muntu kama wewe. Aksanti."

Ningeweza kuitikia tu. Miaka yote nilikuwa nimeogopa anilaumu, kumbe la kuogopwa lilikuwa shukrani hii.

"Mama," nikasema, "ile fasi niliandika. Askari walibeba daftari. Mimi njo niliwapa."

Hakulia. Alikitazama kile kifaa mezani.

"Na hapa umeandika fasi nakaa?"

"Ndiyo, mama."

"Futa."

"Imekwisha kwenda Kinshasa. Mimi sina namna ya kufuta."

Nikakumbuka somo la yule binti. Nilitoa karatasi nyeupe, nikamwambia sheria inampa haki, nitamwandikia barua sasa hivi. Jina lake nililikumbuka lote, nikaliandika juu, vizuri. Kisha, kwa mazoea tu, nikauliza nyumba yake ni namba ngapi.

Akaichukua kadi yake ya kura, akasimama.

"Apana, papa. Wewe usiniandike tena."