Kumwita Mwanangu Ng'ambo ya Ukuta wa Berlin

Wewe ninayekuamini, sogea karibu na karatasi hii nikueleze Berlin. Wengi huniuliza niliona nini huko, nami nimezoea kujibu nusu: mnara, mto, majumba ya makumbusho. Leo nasema yote.

Tulichaguliwa wanawake wachache kutoka vijiji vya ujamaa, twende kutembezwa huko kama wageni wa serikali yao. Mimi wa Lushoto walinichukua kwa sababu nilimaliza kisomo cha jioni, na nilisoma risala mbele ya wageni bila kukwama. Wenzangu walifurahia ndege. Mimi nilikuwa na langu. Mwanangu wa kwanza alipelekwa kusomea ufundi wa mashine kwenye mji huohuo, mji mkuu wa Wajerumani wa mashariki, na alikuwa kimya muda mrefu. Baba yake hawezi tena kupanda matuta ya shamba. Nilikwenda kumrudisha nyumbani.

Mwenyeji wetu alikuwa mama wa Kijerumani anayejua Kiswahili. Akatupandisha mnara wa televisheni.

"Mama, umewahi kuona mbali hivi?"

"Kwetu napanda mwamba wa Irente, naona nyika yote. Na silipi."

"Irente kuna lifti?"

"Kuna miguu."

Tukacheka. Lakini kutoka kule juu niliona kama mstari umekata mji. Barabara zinafika pale, zinakatika. Nikauliza ni nini. "Mpaka," akasema, akatugeuza tutazame mto.

Kila walipotupeleka ilikuwa hivyo. Kuna lango kubwa la mawe lenye farasi juu, zuri kweli, lakini hapiti mtu chini yake, ni askari tu. Kuna mitaa mipya ya wafanyakazi, maghorofa yamepangwa kama masanduku. Wenzangu walitazama majumba. Mimi nilitafuta uso mmoja.

Siku moja akaja hotelini binti wa Kitanzania anayesomea uuguzi huko.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Akanywa chai na mwenyeji wetu, wakataniana. Baadaye akanivuta kwenye ngazi, akaninong'oneza: "Mama, mwanao yuko upande wa pili. Alivuka, hakurudi. Akirudi sasa watamkamata. Kesho jioni atasimama mahali umwone. Umtazame tu. Usipunge mkono, mama, usiseme neno."

Kesho yake jioni mimi na binti tulikwenda kwa miguu, mtaa wa nyumba za zamani, kuta zina matundu ya risasi za vita, moshi wa makaa unakaba koo. Mwisho wa mtaa kuna kizuizi. Mbele ya kizuizi, ukuta. Mbele zaidi, ukuta mwingine. Na katikati ya kuta hizo kanisa, na mnara wake umesimama.

"Ibada ni saa ngapi?" nikauliza.

"Hakuna ibada, mama. Anayelisogelea anapigwa risasi."

Nikasali Baba Yetu moyoni. Sijaona nyumba ya Mungu imefungiwa hivyo.

Ng'ambo kulikuwa na jukwaa la mbao ambalo watu wa kule hupanda kuchungulia huku. Mwanangu alikuwa juu yake, amevaa koti zito, amekonda. Akavua kofia. Nikamtazama mpaka macho yakauma. Kisha akaanza kushuka.

Sasa, sisi watu wa milimani, mtu akiwa ng'ambo ya bonde hatumfuati, tunamwita. Sauti unaivuta, inapita juu ya bonde. Naye lazima aitike, hata kama mmegombana. Asipoitika, watu huacha majembe wakaenda kutazama kama yu hai. Basi nikajaza pumzi nikamwita kwa Kishambaa, kama niko kwenye mabonde ya kwetu Vuga: baba yako hawezi, rudi nyumbani!

Dirisha moja likafungwa, na jingine, na jingine. Mbwa wakaanza kubweka. Mwanangu akasimama, akafumbua mdomo, kisha akauziba kwa kiganja. Akashuka.

"Mama, umetumaliza," binti akasema.

Askari walikuwa wameshatufikia. Mimi walinirudisha hotelini kwa heshima, mgeni wa serikali. Yeye wakamtia gari jingine.

Asubuhi mwenyeji akatuambia leo ni bustani ya wanyama.

"Yule binti yuko wapi?"

"Binti gani?"

Nikakaa kwenye ngazi za hoteli. Nikasema siendi kuona simba wa Wajerumani, na sitoki hapo mpaka nimwone binti wa watu. Walinibembeleza, wakanikaripia, wenzangu wakaona aibu. Nilikaa, nikisali. Siku ya kuondoka walimleta uwanja wa ndege na mkoba mmoja, wamemfukuza masomoni. Alikaa kiti cha pembeni yangu hadi Dar es Salaam. Hakunitazama, wala hakuniamkia.

Mwanangu hajaleta habari. Baba yake yu hai, na kila Jumapili tukitoka kanisani ananiuliza kama kuna neno. Sikukataza mtu kwenda Ulaya, wala sitakataza. Ninaloomba, ukimaliza kusoma haya usiyaweke kabatini. Mpe mwenzako, naye ampe mwingine, hasa mwenye ndugu anayesafiri kwenda huko, mpaka yamfikie kijana wa Lushoto, fundi wa mashine, ajue mlango wa kwao haujafungwa.