Uso wa Zulia la Mama Mkwe

Nilikuwa nalitaka. Nimelikana jambo hili mbele ya mume wangu, mbele ya shemeji zangu, na hata kanisani ambako hakuna aliyeniuliza. Lakini zulia la mama mkwe wangu kule Homa Bay nililitaka tangu siku aliyosema, "Nikiondoka, hili ni lako, wewe msomi."

Marehemu baba mkwe alilipata kwa mwenye duka aliyefunga biashara na kuhama. Nililijua kama kitu bapa, cha kahawia iliyofifia, kilicholala chini ya makochi yaliyovishwa vitambaa. Halikuwa na manyoya wala majivuno.

Mwaka mmoja katikati ya miaka ya tisini, mama akiwa Oyugis kwa binti yake aliyejifungua, shemeji yangu, kitinda mimba wa nyumba ile, alilibeba akalifue ziwani. Nilipofika kutoka Migori, nilikokuwa nikifundisha, nilikuta sebuleni zulia jekundu lenye manyoya.

"Shemeji, hili ni lipi?"

"Ni lile lile. Nimelifua, nikalitandika vizuri."

"Sabuni huotesha manyoya?"

"Nyinyi watu wa chuo kikuu," akacheka, "mkiona usafi mnaita polisi."

Yeye aliuza mitumba akivuka mpaka, kwa hiyo kesi niliimaliza papo hapo: amebadilisha la mama kwa la kiwandani. Tena la kiwanda kibovu. Wekundu wake ulikuwa na mistari, hapa umekolea, pale umepauka, na ua moja lilikuwa nene kuliko wenzake.

Maktaba ya shule yetu ilikuwa imepokea sanduku la vitabu vya msaada. Kati ya kitabu cha kuteleza kwenye theluji na kile cha kufuga farasi, kulikuwa na kimoja cha mazulia ya kale ya Mashariki. Nilikisoma kama mpelelezi. Kiliniambia kwamba mistari ile hutokea sufu iliyotiwa rangi ya mimea inapoisha na nyingine kutiwa chunguni. Kwamba ua lisilolingana ni alama ya mkono wa mtu. Kwamba nitenganishe manyoya nione mafundo kwenye mizizi yake, kisha nigeuze upande wa chini.

Nilirudi Homa Bay, nikapiga magoti. Mafundo yalikuwepo. Nilipoanza kuinua pembe, shemeji akaja kuketi kwenye kochi lililoikalia.

"Unatafuta nini huko, shemeji?"

"Kipuli."

"Mbona vyote viwili viko masikioni?"

Basi lilikuwa zulia la kweli, la kale, la thamani. Mwenye akili zake angetulia. Mimi nilijiuliza: muuza mitumba ameliiba wapi? Nikajiona nikirithi mali ya wizi. Nikamwambia mume wangu tumweleze mama kabla polisi hawajafika.

Hatukuwahi. Jumatatu karani wa shule aliniita kwenye simu ya ofisini. Mama alikuwa amerudi nyumbani, sasa yuko posta, anapaza sauti kana kwamba Migori ni ng'ambo ya ziwa.

"Nyathina, mwanangu, nani amegeuza zulia langu?"

"Kugeuza, mama?"

"Nimelilaza kifudifudi tangu mzee alilete, uso wake usichakae. Ule uso ni wa wageni."

"Lakini mama, miaka yote hii tunakuja…"

"Kwani nyinyi ni wageni? Njooni Jumamosi mnisaidie kulilaza tena. Na huyu shemeji yako amelifua vizuri sana. Mbona anasema unamtazama kama mwizi?"